Jiwe la Shosho Wangari

Nyambura, maitu, mama yangu mdogo,

Mama yako anadhani niko huku kibandani natafuta spana. Nyumba imejaa watu wa maombi, shangazi zako wamekalia viti vyote, na kila anayeingia ananiuliza swali lile lile: kwani huko Pwani msichana anaenda kufanya nini hasa? Nimejibu mpaka nimechoka. Nikisema unaenda kuchunguza meli zilizozama zamani, wanauliza kama ndani kuna dhahabu. Nikisema hakuna dhahabu, na hata ingekuwepo hamruhusiwi kuitoa, wananiangalia kwa huruma, ati huyu mzee alisomesha mtoto bure. Kwa hivyo nimetoka. Nimeketi juu ya pampu ya mteja ambayo nilipaswa kuimaliza juzi, na karatasi nimeiweka kwa goti, kwa hivyo uvumilie mwandiko.

Mambo ya kula, ya kulala na ya kupiga simu mama yako ameshakuambia, na akisahau moja shangazi zako watamkumbusha. Mimi nina jambo moja tu. Jumapili, ukimwagilia maua pale mlangoni, uliniuliza, "Baba, nikienda, hili jiwe litabaki hapa?" Nikakuambia uniletee koleo, kana kwamba sikusikia. Nilisikia vizuri sana. Tangu siku hiyo sijakaa. Nafungua pampu, naiacha wazi, naenda mlangoni, naliangalia lile jiwe, narudi. Mama yako ameniuliza kama tumbo linaniuma.

Hatujawahi kuongea juu ya hilo jiwe, wewe na mimi. Unajua vipande. Wacha nikuambie yote kwa mpangilio, halafu nikuambie nilichofanya jana.

Kwako wewe lile bwawa la huko juu ni maji. Kwangu mimi ni shamba, ni njia ya shule, ni mahali nilipovunja mkono nikianguka kutoka kwa mti. Nilikuwa sekondari wakati serikali ilituhamisha. Lori lilikuja asubuhi, tukapakia vitanda, mabati, kuku, na nyanyako akataka jiwe lake la kusagia lipakiwe pia. Dereva akasema hiyo mawe haipandi kwa lori lake. Mama akasimama barabarani akigomba, watu wakamshika mkono wakampandisha. Tulipofika Kiganjo alianza kulalamika siku ya kwanza na hakuacha. Unga wa duka ulikuwa vumbi. Uji wa wimbi haukuwa uji. Kila kitu kibaya kilianzia kwa lile jiwe lililoachwa, na mimi nikakua nikisikia hivyo, mpaka nikaamini kwamba siku moja nikilileta, mama atanyamaza na atakuwa sawa.

Halafu ukaja ule mwaka wa kiangazi, ukiwa darasa la sita. Maji yalishuka mpaka misingi ya nyumba zetu ikaonekana. Unakumbuka watu walivyojaa pale? Wengine walibeba chakula kama wanaenda sherehe. Tulishuka kwa matope yaliyopasuka, mimi mbele nikitembea haraka, wewe nyuma na gambuti zangu zilizokuzidi. Nikaona mstari wa mawe ya msingi, na katikati yake jiwe la kusagia limechomoza nusu. Nikapiga kelele. Nikasema ni letu.

Wewe uliuliza, "Baba, tumejuaje ni hapa?"

Nikakujibu, "Wee, mtu anaweza kupotea kwao?"

Hilo jibu limenifuata. Nilikuwa na hamu nyingi sana, maitu. Sikuangalia jiwe limeelekea wapi, sikuangalia kuna nini kando yake, sikuuliza hata wale wazee waliokuwa wamesimama pale juu. Niliita vijana wawili, tukalifunga kamba, tukalivuta mpaka kwa pikapu. Nyuma yetu likabaki shimo kwa matope, na kufikia kesho yake nadhani lilikuwa limejifunika.

Wakati huo nyanyako alikuwa anaishi na sisi kile chumba cha nyuma na macho yalikuwa yamemwisha. Nilimshika mkono nikampeleka mlangoni, nikamwambia apige magoti. Nilikuwa natabasamu kama mtoto aliyeshika namba moja. Alipitisha kiganja kwa lile bonde la jiwe, akarudia tena, akasema, "Hii si yangu."

"Mama, ni yako. Nimeitoa kwetu mwenyewe."

"Mimi nasaga na kushoto. Yangu imelika upande mmoja. Hii ni ya Wangari."

Nikacheka. Nikamwambia, mama, umezeeka, umesahau. Akaniambia, "Nimesahau majina ya watoto wa dada yako. Jiwe langu sijasahau." Akaomba arudishwe ndani. Na sijui kama uliona, lakini tangu siku hiyo hakulalamika tena juu ya jiwe. Alinyamaza kweli, lakini si vile nilivyotaka.

Nilipanga kulirudisha Jumamosi. Jumamosi pampu ya shamba moja la kahawa ikaharibika nikaitwa. Jumamosi iliyofuata mvua ikaanza. Maji yakapanda, na mimi nikajiambia basi, Mungu ameamua. Nikamimina mchanga kwa bonde la jiwe, mama yako akapanda maua. Wageni wakija wanasema jinsi linapendeza.

Yaliyobaki uliyaona mwenyewe kwa mazishi ya nyanyako. Shosho Wangari, bibi aliyekuwa jirani yetu kule kulikofunikwa na maji, alikuja kutoka Ruiru na kijana wake, akakaa kando yangu. Akanisimulia, bila ubaya wowote, kwamba ule mwaka wa kiangazi naye alienda kutafuta jikoni lake. Alikuwa na mtoto wa kwanza, Kamau, aliyefariki akiwa bado ananyonya, na wakati wa kuhamishwa kaburi lake halikuhamishwa kwa sababu lilikuwa dogo na mzee wake alikuwa mbali, hakukuwa na mtu wa kuwaonyesha wale watu wa serikali. Akasema, "Nilijua nikiona jiwe langu nitajua jikoni, na nikijua jikoni nitajua mtoto wangu amelala wapi. Lakini nilikuta misingi tu, yote inafanana. Na ukungu ulikuwa umekaa, hata huwezi kuona mlima. Tukasema tutarudi kukiwa wazi. Mvua ikatukuta nyumbani."

Wewe ulikuwa umesimama mbele yetu na sinia ya mukimo. Ulisikia kila neno. Uliniangalia. Mimi nikamwambia Shosho pole, nikakuomba chumvi.

Ngai, hiyo chumvi! Mukimo haukuhitaji chumvi.

Subiri, mama yako anaita. Nimemwambia nakuja. Anasema umemaliza kufunga begi na unataka kujua kama nimeona tochi yako. Iko hapa, nilikuwa nabadilisha betri. Nimebadilisha mara mbili, kwa sababu sikuamini zile za kwanza.

Sasa niambie kama baba asiyejua kitu: ulichagua hii kazi kwa ajili ya lile jiwe? Sijawahi kukuuliza kwa sababu niliogopa ungesema ndiyo. Nilitaka ufanye uhandisi. Nilitaka, kusema ukweli, kazi yoyote ambayo haina maji. Unajua mimi maji nayashughulikia nikiwa juu. Natoa maji kisimani, yanatoka kwa bomba, nalipwa naenda. Ulipokuwa mdogo nikikupeleka kuona maporomoko ya Chania nilikushika mkono mpaka ukalia unaumia. Halafu nikasikia kwamba unajifunza kuogelea, na nilivyofanya unakumbuka. Nilikuja na nguo za kazi, na grisi mpaka kwa viwiko, nikasimama ukingoni mbele ya wenzako nikikufokea utoke. Ulitoka. Ulitembea hadi nyumbani, na wiki iliyofuata ukarudi huko huko. Nilikasirika sana. Leo nashukuru ulikuwa na kichwa kigumu, maana ungenisikiliza siku hiyo kesho ungekuwa unaenda kufa.

Ndiyo, nimeandika hilo neno na silifuti. Naogopa. Kila mtu huko ndani anaomba upate mafanikio, mimi naomba utoke majini kila siku na uhai wako. Ukiniambia kuhusu mtungi wa hewa na ile saa ya kuonyesha umebakisha kiasi gani, natingisha kichwa kama nimeelewa, lakini ndani nimeshikwa na baridi.

Na ile jioni tuliyokuchinjia kuku, ulipotoka kwa mazoezi yenu ya kwanza huko Pwani? Ulifurahi sana hata hukula. Ukatuambia mlishuka mkakuta mbao za meli ya zamani zimelala kwa mchanga, na mitungi imepangwa vile vile ilivyopakiwa, mingine imevunjika, mingine mizima. Ukasema wavuvi fulani walitoa mmoja wakamuuzia mtu wa hoteli, na sasa umewekwa mapokezi na maua ndani. Mama yako akasema si ni vizuri, watu wanauona. Ukamwambia, "Mum, mtungi ukiwa kule chini, na vitu viko kando yake, tunaweza kujua ulibeba nini, ulitoka wapi, ni nani alikuwa anaupeleka. Ukishatolewa hivyo, ni mtungi tu. Na hata wenzake waliobaki wamepoteza kitu." Ukasema mbao zenyewe zikitolewa bila kutunzwa zinakauka na kupasuka, kwa hivyo nyinyi mnapima, mnachora, mnapiga picha, mnaacha, halafu mnaongea na wavuvi hao wawe walinzi.

Nikapiga meza. Nikasema, "Kwani kila kitu kikae chini? Mwenye kitu asichukue chake?"

Ukasema polepole, "Akijua ni chake, Baba."

Nikaamka nikaenda nje nikakaa kwa pikapu. Hukunifuata, na ulifanya vyema. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu ulikuwa na haki na ulikuwa umeniheshimu hata wakati wa kunishinda. Mama yako mpaka leo anafikiri tuligombana juu ya mitungi.

Basi, jana. Nilikuambia naenda Ruiru kuchukua vipuri vya hii pampu. Ni kweli nilivichukua, lakini hiyo haikuwa safari yangu. Nilitoa maua ya mama yako, nikayaweka kwa debe, usimwambie ni mimi niliyevunja lile jekundu. Nikaosha jiwe. Nikapakia kwa pikapu na mkokoteni, peke yangu, na mgongo umenikumbusha usiku mzima. Shosho Wangari anaishi na kijana wake ghorofa ya chini, karibu na reli. Nilimkuta ameketi mlangoni kwa kiti cha plastiki anachambua maharagwe.

Nilikuwa nimejipanga maneno njiani. Yote yakapotea. Nikasema, "Shosho, nimekuletea kitu chako."

Alisimama akaja mpaka kwa pikapu. Macho yake bado ni mazuri, yule mama, usidanganyike. Aliliangalia tu, hakuligusa.

"Ulilitoa wapi?"

"Kule chini. Ule mwaka wa kiangazi. Nilifikiri ni la mama."

"Ukajua lini si la mamako?"

"Siku hiyo hiyo jioni."

Treni ikapita, tukangoja imalize. Halafu akaniambia, "Na ukakaa kando yangu kwa mazishi ukanilisha mukimo." Nikasema ndiyo. "Ukakaa nalo miaka hiyo yote, ukalifanyia nini?" Nikamwambia tulipandia maua. "Maua!" akasema. "Haiya! Maua!" Akaniambia mambo mengine kwa Gikuyu ambayo siwezi kuandika kwa barua ya mtoto, akinionyesha kidole, na majirani wakachungulia madirishani. Nilisimama. Kijana wake alijaribu kumtuliza, naye akafukuzwa aende ndani.

Sikuomba anisamehe, Nyambura. Nilifika pale nikitaka hilo, lakini nikaona si wakati wake. Nikamwuliza kitu kingine. Nikamwambia nina msichana anayejua kutafuta vitu chini ya maji bila kuvivuruga, na kama anakumbuka jikoni lake lilikaa vipi, aniambie. Akarudi kwa kiti. Mimi nikachuchumaa chini, maana hakunipa kiti kingine.

Akasema, "Nikisaga nilipiga magoti nikiangalia mlango. Mlangoni naona lile pengo la mlima, pale jua huingilia. Liko katikati ya mlango, si huku wala huku. Na bega langu la kushoto, nikigeuza kichwa hivi, naona kanisa la mawe kule juu, ncha ya ukuta wake wa mwisho, pale kengele iko. Kengele pekee, kanisa lenyewe limefichwa na kilima." Alikuwa amegeuza kichwa kweli, na mikono yake ikaenda mbele kwenye maharagwe kana kwamba anasaga.

Nikamwuliza Kamau yuko wapi kutoka hapo.

"Nyuma yangu. Ng'ambo ya ukuta wa jikoni, upande wa juu. Nilimchagulia pale kwa sababu maji ya mvua hayakuwa yanapita."

Aliendelea kuchambua maharagwe.

Uliniambia siku moja jinsi mnavyorudi mahali baharini ambako hakuna alama: mnachukua vitu viwili vya nchi kavu, na mistari ikikutana ndipo hapo. Pengo la mlima bado lipo. Kanisa bado lipo, na kengele yake, nimepigia simu mtu wa huko leo asubuhi nikahakikisha. Na wewe ulikuwa pale ukiwa na akili ya mtoto, labda unakumbuka zaidi yangu. Mimi nilikuwa naangalia jiwe tu.

Nilimwuliza anataka tufanye nini ukipata mahali hapo. Nilifikiri atasema mtoto atolewe azikwe Ruiru. Akasema, "Mimi sitaki asumbuliwe. Nataka tu nikienda kusimama pale kwa bwawa, niangalie mahali pamoja. Sasa huwa naangalia maji yote."

Nikataka kushusha jiwe. Akakataa. "Hapa kwa nyumba ya kupanga nitaliweka wapi? Lirudishe ulikolitoa." Nilipowasha gari akaja dirishani akaniuliza huyo msichana wako anaitwa nani. Nikamwambia anaitwa Nyambura, ni wa kwanza, alichukua jina la mama yangu, jirani yako. Hapo ndipo uso wake ulibadilika kidogo. Akasema, "Basi mwambie Nyambura jirani yake anamngoja. Na asichelewe, mimi si msichana."

Jiwe liko hapa kando yangu, chini ya gunia. Haliendi tena mlangoni. Nilifikiria kukodi mtu na mashua nilitupe katikati ya bwawa nimalizane nalo, nikaona ningekuwa naharibu mara ya pili, tena kwa haraka ile ile. Najua kuna ofisi za kuombwa ruhusa, na najua utaniambia si kuingia tu. Tutaomba. Nitapanga foleni mimi mwenyewe, kazi ya kupanga foleni naiweza.

Kwa hivyo nenda. Jifunze kwa hao watu kila kitu wanachojua. Sikuambii uende nimetulia, sijatulia, pengine sitatulia mpaka urudi Desemba. Lakini ukirudi tutaenda huko juu pamoja, na tutapita Ruiru kumchukua na kile kiti chake cha plastiki akae ukingoni. Utaingia wewe. Uliniambia kwamba mpiga mbizi akishuka mahali pasipoonekana vizuri majini, huwa kuna mtu wa juu anayeshika kamba yake, na kamba ikivutwa kule chini, naye anamvuta juu.

Nyambura, mimi nimeshusha pampu visimani tangu kabla hujazaliwa, pampu nzito kuliko wewe, kwa mikono hii, gizani, na hakuna hata moja iliyowahi kuniponyoka. Maji siyajui. Kamba naijua. Usimpe mtu mwingine hiyo kazi.

Baba yako